Samaki wa Ndalaga, Maziwa ya Gaju

Solange mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana tunalala nyumba moja na kesho alfajiri nitakuona kabla hujanawa uso. Naanza moja kwa moja, kabla moyo haujanigeuka ukanirudisha kwa ng'ombe.

Wewe na mama yako mmeshuka Mushaki kuwaaga watu wa kanisa na kutafuta dereva wa pikipiki asiyeendesha kama anafukuzwa. Mimi nimebaki hapa Karuba na wingu ambalo halitaki kunyesha wala kuondoka. Nimekaa, nimeinuka, nimekaa tena. Nilimsikia ndama analia, nikaenda, nikakuta amelala zake. Nikakaa. Nikasikia mlio upande wa barabara, nikatoka mbio na kalamu mkononi, kumbe jirani anapigilia bati. Aliniuliza kama natafuta kitu. Nikamwambia natafuta mvua. Utanicheka, lakini ndivyo nilivyo tangu uliposema unaondoka: miguu haitulii, na kichwa kiko barabarani siku nzima.

Mambo ya safari siyagusi. Mama yako ameyasema yote, mengine mpaka ukaanza kuyaitikia kabla hajafika mwisho: sweta, dawa za malaria, kitambulisho kikae mfuko gani, kwenye bariere za askari uongee vipi na uangalie wapi. Hayo anayajua kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu, na unalijua tangu zamani. Nataka kesho, kabla hujapanda pikipiki, unywe maziwa kwenye kibuyu cha nyumba hii.

Kwetu mtoto haondoki na koo kavu. Anayekwenda mbali hupewa kibuyu na baba yake pale mlangoni, anakunywa amesimama, na anakirudisha kikiwa na maziwa kidogo chini, awe ameacha kitu cha kumrudisha. Kaka zako wote walikunywa hivyo, hata yule mkubwa aliyekuwa anakwenda Sake tu na akarudi baada ya wiki moja kuchukua viatu. Wewe hujakigusa kibuyu kile tangu ukiwa msichana mdogo wa shule ya msingi. Na kosa halikuwa lako.

Ngoja nianze na ziwa, kwa sababu unarudi kwenye ziwa.

Nakumbuka vakansi zote za Ndalaga, ingawa mnasema huwa sikumbuki kitu kisicho na pembe. Shule zilipofungwa na majani ya hapa yalipoanza kuchoka na jua, papa mukubwa wako, kaka yangu, alikuwa ametutengea malisho kule kaskazini, kwenye kilima kilicho juu ya maji. Mimi na kaka zako tulitembea na ng'ombe. Wewe, mama yako na Tate mlipanda lori mpaka Kitshanga, halafu na nyie mkatembea. Tate, mama yangu, Mungu ampumzishe, alikipakata kibuyu njia nzima, amekifunga kwa kitenge, hataki hata mtu amsaidie kushuka. Mlipofika alikuwa anakifungua kwanza na kukinusa, ndipo anasalimia watu.

Nyumba ile ya udongo unaikumbuka. Mlango wake uliangalia maji. Asubuhi ukungu ulifunika ziwa lote, tukawa tunasikia makasia na watu wakikohoa huko chini bila kuona mtumbwi wala mtu. Halafu jua lilipanda, ukungu ukaanza kupasuka, mafunjo yakaonekana, bata wakaanza kelele zao, na mitumbwi ikatokea mmoja mmoja. Mama yako alipenda saa ile. Alikaa mlangoni na kikombe, haongei. Yeye ni mtoto wa Mpofi, amezaliwa msituni kwenye mito, na nadhani pale ndipo alipokuwa anapumzika na sisi watu wa vilima na mbolea.

Mimi utulivu ule ulinichosha. Nilichukua kigoda changu, nikakaa nimelipa ziwa mgongo, nikawaangalia ng'ombe. Vakansi zote zile! Nikijiuliza leo maji yale yana rangi gani saa kumi za jioni, sijui. Nayajua kwa sauti tu. Najua mlivyopiga kelele mlipoingia kuoga na baridi ikawauma. Najua sauti yako ikiniita kutoka chini, «Papa, angaliaka!» na mimi nikainua mkono bila kugeuka, kwa sababu Bihogo alikuwa anaelekea kwenye shamba la mtu.

Bihogo unamkumbuka. Alikuwa ng'ombe wa kutia majivuno. Sitasema mengi juu yake, nitaharibu barua.

Na unajua tulivyolelewa. Aliyekula samaki hasogelei kibuyu, wala hasimami karibu na anayekamua, mpaka siku zipite na asukutue kinywa. La sivyo ng'ombe anakauka. Baba yangu alinilea hivyo, na yeye alilelewa hivyo. Basi sisi tulikaa juu ya ziwa lenye samaki tele tukawa tunatuma watu Kitshanga kununua maharage. Watu wa chini walituona vichaa, lakini walitupenda. Hasa Mama Riziki, mke wa yule mvuvi mwenye nyumba karibu na mafunjo. Kila siku alituma salamu, na kila siku salamu zake zilipanda kilima na harufu ya samaki wa kuchoma, mpaka Tate anafunga dirisha.

Siku ile jioni nilikuwa namkamua Bihogo. Ulipanda mbio kutoka chini, nywele zimelowa, ukakishika kibuyu kunisaidia kama ulivyozoea. Tate alikuwa nyuma yako. Pua ya Tate haikuzeeka kamwe.

«Huyu mutoto iko nanuka samaki! Nani alimupa samaki?»

Ukajibu bila woga, maana hukujua kama kuna la kuogopa. «Mama Riziki. Ilikuwa muzuri, Tate. Alinichunia hata miiba.»

Tate akakunyang'anya kibuyu. Akamwaga maziwa yote chini, mbele yako. Wewe hukulia. Uliangalia maziwa yanavyoingia kwenye udongo, halafu ukaniangalia mimi. Ulikuwa unangoja niseme ni mchezo.

Huenda ingeishia pale. Lakini kesho yake asubuhi Bihogo aligoma. Alipiga teke ndoo, akakaza mgongo, akatoa maziwa ya kikombe tu. Tate alitikisa kichwa, na wachungaji wengine walikuwa wamesimama pale wanaangalia. Aibu ilinipanda. Nikakuita. Nikasema maneno ambayo nikiyaandika sasa mkono unakataa, lakini wewe unayo kichwani mwako neno kwa neno, basi acha na karatasi iyabebe: «Usiguse kibuyu tena. Mpaka miye niseme.»

Halafu nikakuteremsha kwa Mama Riziki na nguo zako ndani ya mfuko, ukae kule mpaka vakansi iishe, ng'ombe wapone. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumlaumu. Hakunipa nafasi.

«Leta mutoto, Papa Solange,» akasema, mikono imejaa magamba. «Kwetu hakuna ngombe ya kuharibika.»

Mchana ule ule nilimkagua Bihogo vizuri. Kupe alikuwa amejificha katikati ya chuchu, amevimba, na pale pamekuwa jeraha. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya mateke yote. Nilipokuwa namng'oa, wewe ulikuwa umepanda kuja kuchukua sweta yako. Ulisimama kwenye ua. Ulimwona kupe. Ulimwona vizuri, kwa sababu nilimweka juu ya jiwe nikamponda, na ulikuwa karibu kuliko mtu yeyote. Ukaniangalia tena vile vile. Na mimi nikasema, «Chukua sweta, baridi inakuja.»

Sijui kwa nini. Nimejiuliza sana. Nafikiri nilijiambia siku za mila zipite kwanza, halafu nitasema, kuna haraka gani. Halafu siku zikapita na ukawa unaonekana umefurahi kule chini, unapiga kasia na mtoto wa Mama Riziki, unacheka mpaka kilimani tunasikia, nikajiambia haina shida, ameshasahau. Tuliporudi Karuba nilikuwa na ng'ombe mgonjwa. Baadaye kulikuwa na harusi. Neno dogo likikosa siku yake, Solange, linazidi kuwa zito kila ukiliahirisha. Nilikuwa nakuona asubuhi unakunywa chai kavu katika nyumba yenye maziwa, na nilijua kabisa unangoja. Nikafikiri mama yako atasema kwa niaba yangu. Yeye alisema, lakini alisema na mimi.

«Miye niliachaka samaki ya Mpofi juu ya ngombe yako,» aliniambia. «Lakini miye uliniombaka. Mutoto, ulimufukuza.»

Nilinuna siku nzima. Ni ukweli, yeye nilimwomba aache samaki, tena kwa upole, nikiwa kijana mchumba nimekalia ncha ya kiti kwa wazazi wake. Kwa mtu mzima nilikuwa na adabu. Kwa mtoto nilitoa amri.

Kisha ile siku ya wageni. Ulikuwa umeanza kuwa mrefu kunipita begani. Nilikuwa nimekunywa bia ya ndizi, nimejaa ukarimu, nikaona leo ndiyo leo. Nikanyanyua kibuyu mbele ya watu wote nikasema, «Solange, kuya kunywa,» kana kwamba ni jambo la kila siku, kana kwamba hakuna kilichotokea. Wewe ukaweka sahani chini taratibu.

«Samahani, Papa. Jana nilikula samaki.»

Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikasirika, nikasema hutapewa tena. Lakini ulikuwa na haki. Nilitaka kufuta kosa bila kulitaja, tena nikiwa na watu wa kunipigia makofi. Tangu siku ile ulinunua sufuria yako nyeusi, ukaiweka nyuma ya jikoni chini ya paa, na kila ulipopata samaki wa kukaushwa sokoni ulipika mwenyewe, unaosha mwenyewe, unanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Kaka zako wakakuita Mama Samaki. Hukuvunja mila hata siku moja. Uliishika kuliko sisi wote, na ulijua unavyonichoma.

Nimeinuka kidogo. Ng'ombe wetu Gaju alikuwa anasugua shingo kwenye nguzo. Hakuna kitu. Barabarani wamepita watu wawili wa kutoka juu, nikawauliza hali ya Kitshanga. Mmoja akasema njia ni nzuri, mwingine akasema sio nzuri sana, na walikuwa wametembea pamoja. Sasa mimi nifanye nini na habari ya namna hiyo?

Nirudi. Vakansi ziliendelea kidogo, wewe ukishukia moja kwa moja kwa Mama Riziki na sisi tukipanda kilimani, na tukaona kawaida. Halafu vita vikafunga njia, na ziwa likawa jina tu tunalolitaja mezani. Halafu vita vikaja hapa hapa. Ya siku ile ya kukimbia siandiki. Ulimbeba Tate mgongoni sehemu kubwa ya njia, na mimi nilikuwa nakazana na ng'ombe ambao kila kona walizidi kupungua, mpaka tulipofika kambini karibu na Goma nikiwa na fimbo peke yake.

Kule kambini ndiko ulikomwona Mama Riziki kwenye foleni ya maji. Mlivyolia wawili nyie, watu walidhani kuna msiba. Na yeye amepoteza mtumbwi, nyavu, mume, lakini jioni ile ile akatuletea samaki wadogo ndani ya jani, sijui alivyowapata. Ulimpikia Tate mchuzi. Nilikaa pale mlangoni mwa hema nikingoja Tate akatae. Mlinzi wa kibuyu, aliyekimbia nacho akakifikisha kambini! Akaunusa kwa pua yake ile ile. Akanywa wote, akapangusa mdomo.

«Ngombe batanisamehe,» akasema. «Bo banajua njala.»

Wote mkala. Mama yako akala akafumba macho, na nikaona ni miaka mingapi nilikuwa nimemnyima. Nilibaki mimi. Nilisema siwezi, ng'ombe wataharibika. Ulikuwa umeshika sahani yangu, umechoka, mguu wako umevimba kwa kubeba bibi yako. Hukunicheka. Uliuliza tu, polepole:

«Papa, uko nachunga ngombe gani?»

Nililala na njaa, na hata leo hakuna swali lililowahi kunipiga hivyo. Nilikuwa nimeshikilia sheria ya ng'ombe waliokwisha kupotea, ile ile niliyokufukuza nayo. Tate alikufa miezi ile, unajua. Siku zake za mwisho alikuwa anakuita wewe, sio mimi, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unamgeuza na kumwosha na kumlisha kijiko kwa kijiko. Nadhani uuguzi ulianzia pale, kabla ya shule.

Tuliporudi hapa tulikuta nyumba haina milango na malisho hayana ng'ombe. Ndipo jirani yetu, huyu huyu wa mabati, akaja na kamba, na mwisho wa kamba yuko Gaju, mtamba mwembamba, mjukuu wa Bihogo. Alikuwa amemficha kibandani na mbuzi wake muda wote ule. Nilimshika shingo nikalia mbele ya watu. Leo Gaju ana ndama wake wa kwanza, na maziwa yake ndiyo sabuni yetu, chumvi yetu, shule ya mdogo wako. Hilo nalitaja kwa sababu maalumu. Usilisahau, tutalirudia.

Halafu wewe ukamaliza shule ukaja na habari. Nilikuwa nimeshawaambia watu kwamba utafanya kazi Goma, kwenye hospitali yenye ghorofa. Ukasema umepewa kituo cha afya cha pale Ndalaga. Ukasema umeomba mwenyewe. Nikapandisha sauti, nikasema Goma kuna kazi, ju ya nini uende kwenye njia zile mbaya, nani amekuroga.

«Mama Riziki alisharudi kule, Papa. Iko peke yake,» ukasema. «Na kule njo kwetu.»

Kwetu! Nilitoka nikaenda kukata majani ambayo hakuna ng'ombe aliyeyahitaji. Siku zote hizi ambazo sikukuongelesha, ulidhani nina hasira kwa sababu ya barabara. Hofu ya barabara ninayo, na sitaacha kuwa nayo mpaka simu yako ilie. Lakini kilichonikaba ni neno lile. Kila mtoto wangu kwao ni hapa. Wewe kwenu ni kule, na ni mimi niliyekupeleka, na mfuko wa nguo mkononi.

Sikuambii kwamba mila zetu ni upuuzi. Usije ukakaa kule ukawacheka wazee wa ng'ombe watakaokuja kwako kutibiwa na masharti yao. Mila ile ilinifundisha kunawa kabla ya kukamua, kuongea na mnyama kwa sauti ya chini, kukiheshimu chombo kinacholisha watu wengi. Hata siku za kungoja zilikuwa na mwisho wake. Zikipita, mtu anasukutua kinywa, anarudi, anapokelewa, na hakuna anayemkumbusha. Mimi ndiye niliyeondoa mwisho. Niliweka nafsi yangu mahali pa siku zile, halafu nikaenda zangu.

Basi kama kuna kitu nilichojifunza, na nilichelewa kukijifunza, ni hiki. Utakuwa na vazi jeupe, na watu watakutii. Utamwambia mama wa mtoto mgonjwa, «Ngoja pale mpaka nikuite.» Atangoja. Mtu mnyonge akiambiwa angoje na mtu anayemwamini, anangoja kweli, hata giza likiingia, hata ukishasahau sura yake. Rudi umwite, Solange. Hata kama huna jibu, hata kama huna dawa, rudi umwambie huna.

Mvua imeanza. Natoka kidogo, sirudi sasa hivi.

Nimerudi. Sasa nisikilize.

Nilikwenda nyuma ya jikoni. Nimefunua sufuria yako. Kilikuwepo kile kipande cha tilapia ulicholetewa na yule mwanamke wa Bweremana, kwenye nyanya na pilipili, ulichokiweka kwa ajili ya usiku. Nimekila.

Nilianza nimesimama, kama mwizi, nachungulia njia kama mnarudi. Halafu nikaona huu ni utoto, nikakaa chini kwenye kigogo chako, nikala kwa adabu. Sijui kula samaki. Mwiba uliniingia kwenye ufizi nikakohoa mpaka kuku wakakimbia, na hapakuwa na Mama Riziki wa kunichunia. Mwanzoni niliogopa, nisikufiche, mtu mzima na mvi zangu. Halafu nikasikia ladha. Ni tamu, Solange. Ni tamu sana, na hilo limenikasirisha kuliko yote, nikifikiria maharage yote niliyokula nikiwa juu ya ziwa lile.

Nilipomaliza sikunawa. Nilikwenda kwa Gaju na mikono yangu ikinuka, nikamnyooshea. Nilitaka anione. Akanusa, akaniangalia na yale macho yake ya kuzubaa, akalamba vidole vyote kimoja kimoja. Ni kwa ajili ya chumvi, najua. Sitaki kukudanganya kwamba ng'ombe ametoa hukumu. Sijui atafanya nini kesho. Nimekuambia Gaju ni nani katika nyumba hii, na mimi sio mtu wa kuamka asubuhi moja akawa ameacha kuogopa alichoogopa maisha yake yote. Naogopa hata sasa ninavyoandika. Akikauka, mama yako na mimi tutajua la kufanya; tumeshawahi kubaki na fimbo tu. Lakini nimekwisha kumchagua Bihogo badala yako mara moja, na Gaju sitamchagua.

Kesho asubuhi nitakamua mapema. Nitasimama mlangoni na kibuyu, kile kile cha Tate, mama yako amekifukiza jana kwa majani mpaka kinanukia. Na kabla sijakupa wewe, nitakunywa mimi, na samaki wangu tumboni, mbele ya mama yako, mbele ya jirani kama amekuja kuaga, mbele ya dereva. Hakutakuwa na hotuba. Hutakuwa na haja ya kuniambia jana ulikula nini. Jana nilikula mimi.

Ukikataa, sitakasirika. Umengoja muda mrefu, na mtu akingoja sana kiu inaweza kwisha. Nitakiweka kibuyu mahali pake, nitakuinulia mkono, na safari hii nitakuwa nimegeuka nakuangalia mpaka pikipiki ipotee kwenye kona. Na vakansi ijayo, njia ikikubali, nitakuja huko na mama yako. Nitafutie kiti, usikiweke kuelekea kilimani. Nataka kuyaona maji yale yana rangi gani saa kumi.

Nasikia sauti yenu kwenye kilima, mama yako anamcheka mtu. Lazima nikunje karatasi. Naiweka ndani ya sufuria yako, chini ya kifuniko, mahali palipokuwa na samaki. Jioni hii utakwenda kumtafuta, utaikuta. Usinitafute tuzungumze, nitakuwa kwa ng'ombe najifanya nina kazi.

Kesho nikikunyooshea kibuyu, kishike kwa mikono miwili kama ulivyokuwa unakishika. Kunywa taratibu, kuna baridi. Acha kidogo chini.

Nimesema.

Papa yako